Ulinganishaji wa Mifuatano ya Herufi Iliyohifadhiwa kama Orodha: Uhakiki wa Uamuzi wa Lugha ya Haskell

Katika Haskell, lugha ya programu ambayo ripoti yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1990, mfuatano wa herufi ni orodha tu. Kila herufi imo katika kiungo chake, na kila kiungo huonyesha mahali kilipo kinachofuata. Kwa hiyo ulinganishaji hauhitaji kanuni mpya: orodha mbili ni sawa iwapo zote ni tupu, au iwapo vichwa vyake ni sawa na mikia yake pia ni sawa. Mwanafunzi anaweza kuithibitisha kanuni hii kwa kalamu na karatasi.

Lawama ya kawaida ni kwamba ulinganishaji wa namna hii ni wa polepole. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Maneno “mti” na “samaki” hutengana kwenye herufi ya kwanza, na kazi huishia hapo. Mikia haiguswi, tena, kwa kuwa Haskell haikokotoi jambo kabla halijahitajika, huenda mikia hiyo haijaundwa kabisa.

Hali hubadilika data inapokuwa vitenzi vya Kiswahili. “Hawakukusanya” na “hawakukusanyika” hushirikiana herufi 12 za mwanzo, kwa sababu viambishi vya ukanushi, nafsi na wakati hutangulia mzizi, ilhali kinachovitofautisha vitenzi hivi kimo mwishoni. Anayepanga orodha ya vitenzi kama hivi kialfabeti hukutana na jozi za aina hii kila mara. Katika GHC, kwenye mashine ya biti 64, kiungo kimoja huchukua baiti 24. Herufi hizo 12 basi hutawanyika katika baiti 288, na kila hatua ni safari mpya ndani ya kumbukumbu. Aina ya Text, tangu toleo lake la 2.0, huziweka katika baiti 12 zilizopangana. Aidha, swali likiwa ni usawa tu, Text hulinganisha urefu kwanza: baiti 13 haziwezi kuwa sawa na 15, na jibu hupatikana bila kusoma herufi hata moja. Orodha haijui urefu wake mpaka itembelewe yote.

Lawama nyingine haistahili kuelekezwa kwa orodha. “Ng'ombe” iliyoandikwa kwa alama ya ritifaa iliyonyooka, yenye namba 39, si sawa na “ng’ombe” yenye alama iliyopinda, namba 8217. Na “Zanzibar” hutangulia “asali” kwa kuwa Z ni 90 na a ni 97. Text nayo hukosea vivyo hivyo. Hilo ni suala la kanuni za lugha, si la uhifadhi.

Kasoro halisi ya Haskell iko kwingine, nayo ni kulipa umbo hili jina la String na kulifanya chaguo la kawaida. Kazi ya maktaba sanifu inayosoma faili hurudisha orodha, sawa na ile inayogeuza namba kuwa maandishi. Hata majina ya faili ni orodha. Mtafiti anayetaka Text kwa kamusi yake, asipotafuta kazi mbadala, hulazimika kugeuza data mpakani, na ugeuzaji huo wenyewe hutembelea kila kiungo. Gharama aliyotaka kuiepuka huwa ameshailipa kabla ulinganishaji wa kwanza haujaanza.