Usihesabu mitumbwi, tazama sambaza: maoni juu ya PROGENy

Ndugu wasomi, wengi wetu tunaandika memwari juu ya kansere bila maabara ya kupima protini. Tuko na kompyuta na data za RNA za bure, basi. Ndiyo maana makala ya Michael Schubert, Julio Saez-Rodriguez na wenzao, iliyotoka mwaka 2018 katika Nature Communications, inatuhusu sana. Programu yao, PROGENy, ni ya bure.

Wazo lao ni zuri. Wengi walizoea kutazama jeni za protini zinazopitisha ishara, kama EGFR: RNA yake ikiwa nyingi, wanasema ishara imewaka. Lakini protini hizo mara nyingi huwashwa kwa kubandikwa fosfeti, na RNA haionyeshi jambo hilo. Ni sawa na kuhesabu mitumbwi iliyofungwa ufukweni, halafu useme wavuvi walivua jana usiku. Enda soko la Kadutu, angalia kama kuna sambaza! PROGENy inafanya vile. Ilikusanya majaribio ambamo ishara iliwashwa au ilizimwa makusudi, ikajifunza ni jeni gani zinapanda ao kushuka baadaye, kwa njia 11 za ishara. Kisha inatafuta nyayo hizo ndani ya uvimbe.

Sasa, nabishana wapi? Kwanza, samaki wa sokoni anaweza kuwa ametoka Uvira. Jeni moja huitikia ishara nyingi. Njia ya TNF na ile ya NF-kB zinaacha nyayo zinazofanana. Pili, seli zilizokuzwa maabara si uvimbe wa mtu. Fikiria limfoma ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Huku Afrika ya kati na mashariki, karibu kila mara iko na virusi vya Epstein-Barr, na malaria inachangia. Je, nyayo zilizofunzwa kwingine zitausoma vizuri uvimbe huo? Hilo linapimwa, halidhaniwi.

Kwa hiyo itumieni, lakini muwe waangalifu na maneno. Andika "nyayo za MAPK ni nyingi", usiandike "MAPK imewaka". Ukipata hata sampuli chache za kupima protini, linganisha. Juu ya nini? Kesho daktari atasoma sentensi yako akichagua dawa, na mgonjwa ndiye atalipa kosa letu.

Ninyi mnaonaje?