Sifa za Fundi Anayepima

Suruali inayoshonwa katika eneo la viwanda vya kuuza nje (EPZ), Athi River, husafiri baharini wiki nyingi kabla ya kufika Marekani, lakini oda yake, vipimo vyake na hati zake za forodha hupita katika waya. Tangu sheria ya biashara ya AGOA ilipofungua soko hilo mwaka 2000 tumewasifu washonaji, na wanastahili. Leo namsifu fundi anayelaza kebo za mtandao juu ya vichwa vyao.

Ufundi wake huanza dukani. Kebo ya shaba na ile ya alumini iliyopakwa shaba hufanana kwa macho, hata maandishi ya ganda huweza kuwa yaleyale, ila ya pili ni ya bei nafuu zaidi, na hapo ndipo wengi hunaswa. Fundi huyu huinua boksi kwanza asikie uzito wake, kwa kuwa alumini ni nyepesi. Kisha hukwangua uzi kwa wembe: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini huonyesha weupe wake papo hapo. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 tu ya shaba, hukatika upesi ikikunjwa, na hupata joto zaidi pale kamera ya ulinzi inapovuta umeme kupitia kebo hiyohiyo. Chini ya paa la bati lililochomwa na jua la mchana, joto la ziada ni hasara tupu.

Ndani ya kebo mna jozi nne zilizosokotwa. Alexander Graham Bell ndiye aliyepewa hataza ya wazo hilo mwaka 1881, kwa ajili ya simu: nyaya mbili zikisokotana, kelele za nje huzipata zote sawasawa, na mwishoni hujifuta zenyewe. Kwa hiyo fundi anapofunga kichwa cha kebo hafungui msokoto kupita milimita 13, wala hapitishi kebo kandokando ya nyaya za mota.

Hata hivyo, ninachokipenda zaidi ni jinsi anavyopima. Kijipimo cha taa huwaka kijani mradi nyaya zote nane zimefika upande wa pili kwa mpangilio. Lakini waya wa jozi moja ukioanishwa na wa jozi nyingine katika ncha zote mbili, taa huwaka vilevile, na mtandao huja kukwama siku ya kazi nyingi. Kosa hilo hunaswa na mashine inayopima ishara inavyovuja kutoka jozi hadi jozi, inavyorudi nyuma na inavyopungua njiani, hadi megahezi 250 kwa kebo ya Cat6. Asiyepima hivyo amebahatisha.

Kutoka jengo hadi jengo, mimi nashauri faiba. Kebo ya shaba ya mtandao ina kikomo cha mita 100, tena huweza kuingiza radi ndani. Faiba ni uzi wa kioo, na kioo hakibebi umeme. Charles Kao alieleza mwaka 1966 kwamba kioo safi kingeweza kupeleka mwanga mbali, akatuzwa Nobel mwaka 2009, mwaka uleule kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilipotua Mombasa. Moyo wa uzi wa masafa marefu una upana wa mikroni 9 hivi. Athi River ni mji wa saruji, na viwanda vya nguo vina vumbi lao la pamba. Chembe moja yatosha kuziba njia. Fundi husafisha kila ncha, huikagua kwa hadubini, ndipo huichomeka. Hachungulii kwa jicho tupu, maana mwanga ule hauonekani na huweza kudhuru. Baadaye hutuma mwanga upande mmoja na kusoma upande wa pili desibeli zilizopotea. Kiungo kikipoteza zaidi ya 0.75, hukirudia.

Mwenye kiwanda, kabla hujalipa, dai matokeo ya kila laini, yakiwa na namba yake na tarehe. Fundi akikupa yote, usimpunguzie hata shilingi.