Vijana wa Divan katika Ramallah

Siku hizi jina la orkestra moja ya vijana linatajwa pahali pengi: West-Eastern Divan. Wengi wanaisifu kwa neno moja tu, wakisema: «Tazameni, muziki umeleta amani!» Sisi pia tunaipenda orkestra ile, lakini sifa hiyo tunaikataa. Kusifu kitu juu ya kazi kisichoifanya ni kukinyima sifa yake ya kweli.

Kwanza tueleze habari yenyewe. Mwaka wa 1999 mji wa Weimar, katika Ujerumani, ulikuwa mji wa utamaduni wa Ulaya. Watu wawili, Daniel Barenboim na Edward Said, waliita huko vijana hodari wa muziki kutoka Israeli na nchi za Waarabu, kusudi wajifunze pamoja. Barenboim, Myahudi aliyezaliwa Buenos Aires mwaka wa 1942, ni mpigaji piano na kiongozi wa orkestra. Said, Mpalestina aliyezaliwa Yerusalemu mwaka wa 1935, alikuwa mwalimu wa universite katika New York. Alikufa mwaka wa 2003. Jina la Divan walilitwaa katika kitabu cha mashairi cha Goethe, aliyekaa Weimar na kupenda mashairi ya Waajemi. Lakini karibu na mji uleule iko Buchenwald, kambi ambamo maelfu ya watu walikufa wakati wa Hitler. Basi pahali pale hakuna awezaye kusema kwamba utamaduni mzuri unatosha kuzuia ubaya. Tangu mwaka wa 2002 serikali ya Andalusia, katika Hispania, iliwapokea vijana hao na kuwasaidia.

Tarehe 21 Agosti 2005 walipiga muziki katika Ramallah, mji wa Wapalestina. Kufika tu kulikuwa shida. Waisraeli walikatazwa na serikali yao kuingia mji ule. Vijana wa Siria na Lebanoni nao hawakuwa na njia ya kupita. Serikali ya Hispania ikawapa pasiporti za kidiplomasia. Yaani vijana waliozaliwa karibu karibu walihitaji karatasi za nchi ya mbali kusudi wafike pamoja katika chumba kimoja. Tulisikiapo disiki ya konseri ile, tusisahau jambo hilo.

Watu wanakumbuka zaidi simfonia ya tano ya Beethoven iliyopigwa siku ile. Mwisho wa sehemu ya tatu sauti zinashuka, ngoma inagonga kwa sauti ndogo kama gizani, kisha pasipo kusimama orkestra nzima inapasuka kwa furaha. Tromboni, zilizonyamaza tangu mwanzo, zinaingia hapo mara ya kwanza. Vijana wanapiga kwa moto mkubwa, na moyo unaruka. Lakini tunauliza: ushindi ule ni wa nani? Katika Vienna swali hilo halisumbui mtu. Katika Ramallah kila msikilizaji ana jibu lake, na furaha ya mmoja yaweza kuwa kilio cha mwingine. Tena, katika kelele kubwa namna ile mtu mmoja mmoja anamezwa. Askari pia wanatembea kwa mguu mmoja, wala hawasikilizani.

Kwa maoni yetu, ushuhuda mkubwa wa siku ile haukuwa Beethoven. Ulikuwa ile Sinfonia concertante inayohesabiwa kuwa ya Mozart, ya vyombo vinne vya kupuliza: obua, klarineti, pembe na fagoti. Kati ya wapulizaji wanne walikuwamo Waarabu na Waisraeli. Katika sehemu ya mwisho wimbo mdogo unarudi mara kumi, kila mara na vazi jipya. Mmoja anauanza, mwingine anaupokea, wa tatu anakaa chini na kumtegemeza. Kila mmoja sharti ajue mwenzake anavuta pumzi wakati gani; sivyo wimbo unavunjika. Hapa hakuna mshindi. Yule anayenyamaza anafanya kazi sawasawa na yule anayepuliza.

Barenboim mwenyewe amesema mara nyingi kwamba orkestra haileti amani, bali inapigana na ujinga. Ameeleza habari ya vijana wawili wa cello, Mwarabu na Mwisraeli, waliotumia kiti kimoja cha karatasi za muziki: wanatafuta noti moja, nguvu moja, mwendo mmoja wa upinde. Hilo ni dogo, lakini ni la kweli.

Wako wanaoilaumu orkestra. Wapalestina wamoja wanasema: jioni vijana ni sawasawa, lakini asubuhi mmoja anapita kizuizini na mwingine anarudishwa, basi muziki unafunika udhalimu. Neno hilo lina uzito, wala tusilitupe. Mwaka wa 2006, vita vilipowaka Lebanoni, Waarabu wamoja hawakuja. Hata vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023 havikuzuiwa na violoni. Lakini lawama hii inamchoma zaidi yule anayesema muziki ni amani. Yule anayesema muziki ni shule ya masikio anaweza kuikubali lawama na kuendelea na kazi. Ndiyo maana tunaona vema kwamba mwaka wa 2016 akademia ilifunguliwa Berlin, ambamo vijana wanajifunza muziki pamoja na filosofia. Barenboim ni mzee, na mwaka wa 2025 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Kazi inayosimama juu ya mtu mmoja inaanguka pamoja naye. Shule inaweza kubaki.

Ninyi wafratri na wakatekista mnaoongoza kwaya, ambamo wanakaa watoto wa vijiji visivyosalimiana, msifanye haraka kusema: «Wameimba pamoja, basi wamepatana.» Labda wamefuata mkono wenu tu. Siku moja shusheni mkono, mwache waimbe wanne wanne pasipo kiongozi. Hapo mtajua kama wanasikilizana. Na wakiisha kusikilizana katika wimbo, yanabaki maneno ya shamba, ya mpaka na ya damu. Hayo hayaimbwi, sharti yasemwe.