Sina Makosa: jirani aliyeimba hadi akawa mwenyeji

Wamarekani wana mchezo wa kuwahesabu Wakanada waliowatengenezea utamaduni wao. Watakutajia Neil Young, Joni Mitchell, na Lorne Michaels aliyeanzisha Saturday Night Live mwaka 1975. Mimi mfano ninaoupenda ni bendi iliyoitwa The Band. Wanne kati ya watano walikuwa Wakanada, lakini nyimbo zao kuhusu Marekani ya Kusini zinasikika kama zimeota kwenye udongo wa huko. Jirani kaingia, kaimba, mwenye nyumba kasahau kumuuliza katokea wapi.

Sisi nasi tunao wa namna hiyo, ila hatuwahesabu. Uliza ni Watanzania gani walioigusa zaidi Kenya, na sisi watu wa vitabu tutamkimbilia Shaaban Robert, Ebrahim Hussein na Kinjeketile yake, au Said Ahmed Mohamed na Utengano. Sawa, ni majibu mazuri. Lakini wengi wa wasomaji wao kule waliwakuta darasani, na mtihani ukiwasubiri mbele. Jibu langu ni watu ambao hakuna aliyelazimishwa kuwasikiliza: ukoo wa bendi za Wanyika.

Ukiifuata pwani yetu kutoka Bagamoyo, ukapita Saadani na Pangani, unafika Tanga. Huko ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipiga muziki na Jamhuri Jazz miaka ya 1960, kisha wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka hadi Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika. Walikuwa na sababu: huku kwetu bendi zilirekodi Redio Tanzania, lakini viwanda vya santuri na soko lake vilikuwa Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao, akiwemo mpiga gitaa Omar Shabani, walijitoa wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza, Mtanzania mwingine, akajiunga nao. Hao ndio waliotoa "Sina Makosa".

Hebu tuusome wimbo huo kama tunavyosoma shairi. Mwanaume ametuhumiwa na mwanaume mwenzake juu ya mwanamke. Anajitetea, lakini haleti ushahidi: hataji siku, hataji mahali, haiti shahidi. Anauliza tu, na anauliza kwa adabu, akimwita mgomvi wake kwa majina ya heshima, kama mtu anayeongea barazani huku majirani wanasikia. Kama kweli hana makosa, hatuambiwi. Nguvu ya utungo iko hapo hapo: msikilizaji anafanywa hakimu, halafu ananyimwa jalada la kesi.

Una kasoro pia, tusiifunike kwa mapenzi. Mwanamke anayegombewa hasemi hata neno moja. Yupo kama mali inayodaiwa, na wanaume wawili wanamalizana juu ya kichwa chake. Gitaa tamu halifuti hilo.

Sasa weka tarehe pembeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Serikali mbili zilikuwa zinatupiana lawama, kila moja ikisema mwenye kosa ni mwenzake. Katikati ya miaka hiyo, Watanzania walioko Nairobi wanaimba juu ya mtu anayemsihi mwenzake apunguze hasira. Sisemi kwamba ni fumbo la siasa. Sina ushahidi, na wimbo wa mapenzi una haki ya kubaki wimbo wa mapenzi. Ninachosema ni kwamba wakati wakubwa hawaongei, Mkenya alikuwa anaimba ugomvi na suluhu kwa Kiswahili cha jirani yake, tena kwa hiari. Nairobi ikaja kuwa jiji la Sheng, lakini wimbo huu Wakenya bado wanauimba vilevile, na adabu yake yote.

Huku kwetu nako? Kijana wa Dar anaujua, ila ukimuuliza atakwambia ni wimbo wa Kenya. Hajakosea kabisa, Kenya iliwapa hawa watu studio, santuri na wasikilizaji. Walioteleza ni wahakiki. Utenzi tunauchambua mizani kwa mizani, taarabu tunaiandikia tasnifu, lakini utungo wa dansi tunaupa jina la "zilipendwa" na kuuachia vipindi vya redio vya Jumapili. George alifariki 1992, Wilson 1995, Ngereza 2000. Tungo zao bado hazina toleo lililohaririwa, lenye maelezo, ambalo mwanafunzi wa fasihi angeweza kuliweka mezani kando ya Kinjeketile. Kazi hiyo haihitaji hisani ya Nairobi. Tanga ni kwetu, tuianze.