Saa ya Darubini: Mwongozo wa Kumpima Mjaribu Programu

Nililetewa ripoti ya kijana mmoja wa mjini kwetu aliyejaribu toleo la beta la programu ya kuendeshea darubini na kamera ya kupigia picha za nyota, nayo ripoti hiyo ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja akiongeza sifa zake juu ya sifa za aliyemtangulia, hata ilipofika kwangu haikuwa na nafasi ya kuongezewa nyingine. Niliisoma mara ya kwanza kwa adabu, na mara ya pili kwa hasira. Ilikuwa na maneno mengi juu ya rangi za kioo, wepesi wa vitufe, na uzuri wa picha ya nebula iliyo katika upanga wa kundinyota la Jabari. Ilhali juu ya mambo ambayo kwayo programu ya namna hii huhukumiwa, haikuwa na neno hata moja. Sifa ikimwendea asiyestahiki, hasara haimpati yeye. Huwapata waandishi wa programu, ambao walilitoa toleo lao kwa hiari ili waambiwe aibu zake, wakarudishiwa nyimbo za harusi.

Nikaomba logi, daftari ambalo programu hujiandikia yenyewe. Asiyeomba logi hana haki ya kuisifu wala kuilaumu ripoti yoyote, na katika hili sitaki mjadala. Ililetwa baada ya kusitasita kwingi, nayo ikayasema yote ambayo mwenyewe aliyanyamazia. Darubini iliyotajwa ndani yake ilikuwa ya kuigiza, ile ijayo pamoja na mfumo wa INDI wa kuunganisha programu na darubini, ili mwandishi wa programu apate kufanya kazi mchana bila ya nyota. Kamera nayo ilikuwa ya kuigiza. Na latitudo, ambayo kwetu Msimbazi, Dar es Salaam, ni digrii 6 na dakika 48 kusini ya ikweta, iliingizwa bila ya alama ya kutoa, ikawa kaskazini. Kwa hesabu hiyo Msimbazi nzima, pamoja na soko la Kariakoo na wachuuzi wake, ilikuwa imehamia Uhabeshi, upande wa milima ya Bale. Mwenye darubini ya kweli angalilitambua kosa hilo kabla kahawa yake haijapoa, kwa kuwa kusini ya ikweta mota ya mhimili huzunguka kinyume cha izungukavyo kaskazini, na kila nyota ingalitoka pichani kama mstari. Lakini darubini ya kuigiza haina nyota za kumkimbia mtu. Picha ile iliyoipamba ripoti haikuwa na mahali pake popote katika logi.

Uchungu wangu una sababu. Ushuhuda wa mjaribu wa Msimbazi una thamani ambayo sisi wenyewe hatuijui, kwa kuwa programu hizi huandikwa na watu ambao mbingu zao si mbingu zetu. KStars na Ekos zimetunzwa kwa miaka mingi na Jasem Mutlaq wa Kuwait. Programu ya PHD ya kuongozea darubini ilitungwa na Craig Stark, mwanachuoni wa Marekani ambaye kazi yake ya mchana ni kuchunguza kumbukumbu katika ubongo wa binadamu. Na watu wa huko wana nyota ya kaskazini, imesimama juu ya mapaa yao, ya kuelekezea mhimili. Sisi ncha yetu ya kusini ya mbingu haifiki digrii saba juu ya upeo, imefichwa na maghorofa, na nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata mashambani penye giza la kweli, seuze Kariakoo penye taa za maduka. Badala ya ncha tumejaliwa utosi. Katikati ya Desemba, saa sita usiku na kitu, upanga wa Jabari hupita juu ya vichwa vyetu kwa kukosa utosi chini ya digrii moja na nusu, na hakuna mahali katika mbingu panapoiaibisha programu mbovu kama hapo. Asiyejaribu utosini hajajaribu kitu.

Sasa nilifikie jambo lenyewe, ambalo mwanagenzi hulikosa daima, naye bingwa hulitazama kabla ya jingine lolote. Ni saa. Simaanishi saa ile iliyo pembeni mwa kioo, ambayo kila mtu huiona na hakuna aisomaye. Nakusudia saa ambayo kwayo programu huhesabu ni sehemu ipi ya mbingu iliyo katika meridiani, mstari wa kaskazini hadi kusini upitao utosini, dakika hii. Mbingu huenda digrii moja kwa kila dakika nne. Programu iliyochelewa dakika nne imekosea kwa upana wa mwezi mpevu mara mbili, na iliyochelewa saa nzima imekosea kwa digrii 15, na bado itakuonyesha kioo kitulivu chenye alama za kijani.

Mwanagenzi hujibu kwamba hapana neno, maadamu programu hupiga picha, huisoma kwa kuilinganisha na ramani ya nyota, ikajua inakotazama, ikajisahihisha. Naam, hujisahihisha, na mtego uko papo hapo. Kuisoma picha huiambia programu darubini inatazama nyota ipi. Hakuiambii ni saa ngapi. Kwa hiyo nyota itakaa katikati ya picha, mstari wa kuongozea utatulia, nyota zitakuwa duara kama inavyotakiwa, na mashahidi wote watatoa ushahidi mwema, huku programu ikiamini kwa dhati kwamba meridiani iko mbele ilhali imekwisha kupita. Wakati wa kupinduka, yaani wa bomba kuhamia upande wa pili wa mhimili nyota ikivuka meridiani, utachelewa kufika katika hesabu yake. Bomba litaendelea kuifuata nyota upande usio wake, jiwe la uzani likipanda, kitako cha kamera kikishuka polepole kuufuata mguu wa tripodi, na kwa kitu kipitacho utosini hakuna nafasi ya kusamehe. Aliyewahi kuusikia mlio wa kamera ikisukumwa na mota kwenye chuma hahitaji kusimuliwa zaidi.

Je, saa hupotea vipi? Kwetu hupotea kwa wepesi mno. Wengi tunaendesha darubini kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyofungwa ubavuni mwa mhimili, na matoleo yake yote yaliyotangulia lile la 5 hayana saa yenye betri. Hilo la 5 limepewa saa, lakini betri yake hununuliwa mbali, na wangapi wameinunua? Umeme ukikatika, kompyuta huzima; ukirudi, huamka na saa ya mwisho iliyokumbuka kuiandika, ikashikamana nayo mpaka ipate intaneti au GPS ya kuisuta. Umeme uliokatika kwa dakika arobaini ni digrii 10 za mbingu, kwa uchache. Anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki hawezi kuliona kosa hili hata akijaribu miaka kumi, na ndiyo maana nikasema ushuhuda wetu una thamani.

Mtihani wenyewe basi ni huu. Elekeza darubini kwenye upanga wa Jabari kabla haujafika meridiani, acha kazi iendelee, zima intaneti, kisha ng'oa waya wa umeme kwa mkono wako mwenyewe. Rudisha umeme nyota ikiwa imekwisha kuvuka. Programu mbovu itaamka na furaha, itasoma picha, itaiweka nyota katikati, na itaendelea kupiga kana kwamba hapakuwa na kitu. Hii ndiyo isifiwayo na wajinga, kwa kuwa haikuwasumbua. Programu ya wastani itatafuta GPS na kungoja. Programu njema, isipopata pa kuulizia, itakataa kuisogeza darubini hata kidogo, na itaandika katika logi, kwa maneno yasiyo na haya, kwamba haina hakika na saa. Mimi hupenda programu inayokiri kutojua kuliko inayojua mengi.

Nilimjua mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, Mungu amrehemu, aliyekuwa fundi saa kabla ya kuingia katika mapenzi ya falaki, ambaye alikuwa haangalii kioo kabisa. Alikuwa akipanda ngazi taratibu hadi juu ya paa, akimsalimu kila mtu na kuuliza hali za nyumbani, kisha akiuliza swali moja tu, "Saa yako umeipata wapi?" Aliyejibu kwamba ni ya kompyuta aliambiwa aanze upya. Kisha mzee aliukamata waya, akaung'oa, akashuka kwenda kunywa kahawa na kashata barabarani, akazungumza na wenzake juu ya mpira na bei ya vitu, wala hakuwa na haraka ya kurudi. Na aliporudi hakuuliza picha, bali aliomba asomewe mstari wa kwanza wa logi baada ya umeme kurudi. Kwa mstari huo alitoa hukumu. Wapo waliomwona mkorofi.

Na kwa kuwa mtihani wake ulijulikana, wajanja wakaujibu. Mmoja alikuja na kompyuta mpakato badala ya ile ndogo, akang'olewa waya, na programu yake ikapita kwa heshima. Watu wakapiga makofi, ilhali betri ya mpakato ilikuwa imeitunza saa wakati wote na hakuna kilichojaribiwa. Mzee alicheka, akaomba betri itolewe.

Yapo makosa ya saa yasiyotokana na umeme. Nimewahi kulipata toleo la majaribio ambalo mwishoni mwa Machi liliizawadia Dar es Salaam saa ya kiangazi, desturi ambayo Tanzania haina, na mbingu yote ikasogea digrii 15 kwa usiku mmoja; wajaribu wa Ulaya walikuwa wameridhika, kwani kwao ilikuwa sahihi. Na yuko kijana aliyeandika 5 mahali pa saa kwa sababu ilikuwa saa tano usiku, akashangaa mbona darubini inaangalia ukuta wa jirani. Hilo si kosa la programu, lakini programu yenye heshima ingeliona kwamba alfajiri haiwezi kuja kabla ya zamu yake, na ingeuliza.

Zamani kazi hii ya kupiga picha za nyota ilikuwa na taadhima. Kabla Bob Denny hajaanzisha ASCOM, lugha ya pamoja ya vyombo hivi, mwaka 1998, kila chombo kilisema lugha yake, na mtu aliongoza darubini kwa jicho na kidole, akiikodolea macho nyota moja katika msalaba wa mwanga mwekundu muda wote filamu ikiwa wazi. Mhimili aliusawazisha kwa kuitazama nyota ikiteleza, mashariki na kwenye meridiani, bila ya kuiona ncha. Aliyepitia huko hakuweza kudanganywa na kioo. Hata manahodha wa pwani hii, waliopima kimo cha nyota kwa chombo kiitwacho kamali, na Ahmad ibn Majid aliyeandika elimu yao katika karne ya 15, walianza na kuijua nyota ipandayo na saa ipandapo. Siku hizi matoleo mengine hutoka kila usiku, na maelezo ya kilichobadilika hakuna ayasomaye. Wengi niwajuao waliingia katika mapenzi haya baada ya kupatwa kwa jua kwa pete kule Rujewa, tarehe 1 Septemba 2016. Wana shauku njema, lakini hawajawahi kungoja.

Yaliyobaki nayataja kwa haraka. Programu ambayo kioo chake hakigeuki chekundu usiku isiguswe. Programu itoayo muziki kazi ikiisha ni ya watoto. Iliyo bora hutamka wazi kama majiranukta ya nyota ni ya mwaka 2000 (J2000) au ya leo, kwa kuwa tofauti yake sasa inatosha kukikosesha kitu kidogo katika picha. Baada ya kupinduka, tazama kama kuongoza kwa deklinesheni kumebadilishwa mwelekeo, kwa mhimili unaodai hivyo; kama hakukubadilishwa, nyota hutoroka badala ya kurudi. Waya wa USB na uwe mfupi, na usiununue kwa anayekuambia zote ni sawa. Mjaribu aandike ripoti yake asubuhi ileile, kabla hajaisafisha picha, maana picha ikishapendeza kalamu hulegea.

Ndugu msomaji, ukiletewa ripoti ya kusifiwa, omba logi, uitafute dakika ambayo umeme ulirudi, usome mstari unaofuata. Kama usiku huo umeme haukukatika, mrudishie mwenyewe akajaribu tena.