Mwamuzi Naye Ana Mipaka: Tahakiki ya Kanuni za Kulenga Shabaha kwa Bastola

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika makala haya nimechagua matini ambayo hakuna mhadhiri aliyewahi kutupa tuisome: kitabu cha kanuni za mchezo. Kitabu cha kanuni nacho kina msemaji, kina msikilizaji, kina mambo kinayoyasema wazi na mengine kinayoyaacha yaeleweke. Tofauti ni kwamba msomaji wa riwaya akikosea tafsiri hapotezi kitu, ila msomaji wa kanuni akikosea, mtu anatolewa uwanjani, na katika mchezo ninaouzungumzia anaweza hata kuumia.

Mchezo wenyewe ni kulenga shabaha kwa bastola kwa mtindo wa vitendo. Mchezaji hasimami mahali pamoja. Anakimbia, anainama, anapita mlangoni, anabadilisha magazini, huku akilenga shabaha zilizowekwa pande mbalimbali. Mashirika mawili yanajulikana zaidi. La kwanza ni IPSC, lililoundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, nchini Marekani, na rais wake wa kwanza akiwa Jeff Cooper. La pili ni IDPA, lililoanza mwaka 1996. Kwetu Afrika Mashariki mchezo huu umeshika zaidi Kenya, ambako uwanja wa Kirigiti katika kaunti ya Kiambu umepokea mashindano ya IDPA. Hoja yangu ni hii: kanuni hizi zimefaulu pale zinapomfunga mwamuzi, na zimeshindwa pale zinapomwachia asome kimya au nia ya mtu.

Najua swali atakalouliza jirani yangu wa Kamenge: bastola na mchezo vimekutana wapi? Ni swali la haki. Mtaa huu uliijua bunduki kabla kizazi chetu hakijazaliwa. Wazee wanaukumbuka mwaka 1995, jeshi lilipoingia Kamenge na wakazi wakatawanyika. Burundi ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, kwa sababu eneo lote la Maziwa Makuu lilikuwa limechoka kuzika watu. Kwa hiyo sisemi tujenge uwanja wa shabaha hapa. Nasema kwamba matini inayojaribu kuitia bunduki nidhamu kwa maneno matupu inastahili kusomwa kwa makini zaidi na watu wanaojua bunduki isiyo na nidhamu ni nini.

Tuanze na mahali kanuni zinaposimama imara. Katika IPSC mlenga shabaha hupewa alama kulingana na mahali risasi ilipopiga, kisha jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Aliyepata alama 60 kwa sekunde 10 ana 6. Aliyepata alama 54 kwa sekunde 8 ana 6.75, naye ndiye aliyeshinda. Kasi ina thamani kubwa, na hapo ndipo hatari ilipo, maana haraka haraka haina baraka, hasa mkononi mwa mwenye bastola. Kwa sababu hiyo kitabu kimeweka breki mbili. Ya kwanza ni shabaha ya adhabu, ile isiyopaswa kupigwa, ambayo risasi ikiitoboa humpunguzia mchezaji alama 10. Kwa maneno mengine, kanuni inamkumbusha kila anayekimbia kwamba mbele yake pana wasiohusika. Ya pili ni sura ya usalama. Mtutu usivuke nyuzi 90 kutoka mwelekeo wa mbele. Kidole kisikae kwenye kifyatulio wakati wa kujaza risasi, kutoa risasi, kubadilisha magazini au kutembea. Bastola ikidondoka katikati ya zoezi, au ikifyatuka bila kukusudiwa, mashindano yamekwisha kwa mchezaji huyo.

Kinachonivutia katika sura hii ni kwamba imeandikwa bila neno lolote la nia. Haiulizi kama ulikusudia, kama umechoka, kama wewe ni bingwa au umekuja jana. Inauliza tu: mtutu ulivuka au haukuvuka? Katika fasihi tungesema matini haina hisia. Katika uamuzi, huko kukosa hisia ndiko haki yenyewe. Bingwa na mwanagenzi wanatolewa kwa kosa moja na kwa sentensi moja. Hata mavazi yameguswa: kanuni za IPSC haziwahimizi washindani wasio askari kuvaa mavazi ya kijeshi. Kwa mtu wa Bujumbura hilo si jambo dogo, maana tunajua sare inavyobadilisha hewa ya mahali.

Kanuni hizi zimefaulu pia kumwekea mwamuzi mipaka. Amri anazotoa zimeandikwa na zinafuatana, hawezi kuziruka wala kuzipamba. Baada ya amri ya mwisho, kengele ya kipima muda lazima ilie kati ya sekunde 1 na 4, ili mwamuzi asimvizie mmoja na kumpendelea mwingine. Wakati wa kuhesabu matundu, mlenga shabaha au mwakilishi wake anaruhusiwa kuandamana naye. Nimependa zaidi kanuni inayohusu mwamuzi anapomgusa mchezaji kwa bahati mbaya na kumvuruga. Mwamuzi anaweza kumpa nafasi ya kurudia, lakini mchezaji lazima akubali au akatae kabla ya kuona muda wake na alama zake. Aliyeandika kanuni hiyo aliwajua binadamu. Alijua kwamba mtu akiona matokeo kwanza, malalamiko yake yatafuata matokeo na si ukweli.

Sasa tuje kwenye kasoro. Ya kwanza iko katika IDPA. Humo alama zilizopotea hugeuzwa kuwa muda, na kila alama moja huongeza sekunde moja. Kumpiga asiye adui huongeza sekunde 5. Lakini kuna adhabu nyingine ya sekunde 20, anayopewa mchezaji ambaye mwamuzi anaona amevunja kanuni makusudi ili apate faida. Angalia kilichotokea katika lugha. Hadi hapo kitabu kilizungumza juu ya matundu, nyuzi na sekunde, vitu vinavyopimika. Ghafla kinamtaka mwamuzi apime moyo. Na adhabu ya kilichomo moyoni ni mara nne ya adhabu ya kumpiga asiye na hatia.

Wapo watakaosema kila mchezo una wajanja, na pasipo adhabu ya aina hii wajanja wangetafuta upenyo katika kila mstari. Nakubali. Hata soka humwonyesha kadi ya njano anayejiangusha. Ila kadi ya njano haibadilishi magoli, na sekunde 20 zinaweza kubadilisha bingwa. Kadiri adhabu inavyokuwa nzito, ndivyo ushahidi unavyopaswa kuwa mzito. Hukumu ya nia ingefaa itolewe na waamuzi wawili waliokubaliana, tena waandike ni kitendo gani hasa kilichowaonyesha hiyo nia.

Kasoro ya pili iko katika IPSC, na hii inatuhusu sisi watu wa lugha. Kabla ya kengele, mwamuzi humuuliza mchezaji kama yuko tayari. Kanuni inasema kwamba asipojibu kwa kukataa, inahesabiwa kuwa ameelewa masharti yote na yuko tayari kuendelea. Yaani kimya ni ridhaa. Huenda jambo hili halina shida pale ambapo kijana amelelewa kumjibu mkubwa bila woga. Kwetu si hivyo. Kijana wa Kamenge akiulizwa na mkubwa wake mbele za watu kama ameelewa, anaweza kunyamaza kwa heshima, kwa haya, au kwa hofu ya kuonekana mjinga. Kiswahili kinasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo unaozungumzwa hapa una risasi ndani yake. Katika mashindano ya ngazi ya juu amri hizi hutolewa kwa Kiingereza pekee. Mtu anayefikiri kwa Kirundi, anayeuza na kununua kwa Kiswahili na kusoma kwa Kifaransa, anaulizwa kwa lugha ya nne, kisha kimya chake kinatafsiriwa kuwa ndiyo.

La kushangaza ni kwamba kitabu hicho hicho kinajua njia bora. Kwa wenye ulemavu mkubwa wa kusikia, kinapendekeza amri ziambatane na kuguswa mgongoni: mara tatu kwa amri ya kujaza, mara mbili kwa swali la utayari, mara moja kwa amri ya kusubiri kengele. Hapo waandishi walikubali kwamba ujumbe haujafika mpaka umfikie mpokeaji. Kwa nini ukarimu huo usimfikie na yule anayesikia sauti asielewe maneno?

Kasoro ya tatu ni rufaa. Mchezaji wa IPSC aliyetolewa kwa kosa la usalama anaweza kukata rufaa, ila tu kuonyesha kwamba kulikuwa na hali ya kipekee. Hawezi kupinga kwamba kosa lilitendeka jinsi mwamuzi alivyolieleza. Picha za video nazo hazipokelewi kuwa ushahidi. Jicho la mtu mmoja, kwa nukta moja ya sekunde, linakuwa ukweli wa mwisho. Kombe la Dunia la soka lilianza kutumia video mwaka 2018 kwa sababu dunia nzima ilikuwa ikiona nyumbani kile ambacho refa hakukiona uwanjani.

Watetezi wa kanuni hii wana hoja nzito, nami siwezi kuipita. Penye bunduki, mwamuzi anayeogopa kupingwa atasitasita, na kusitasita kunaua. Tena simu iliyoshikwa na rafiki kutoka pembeni haiwezi kuonyesha kwa uhakika nyuzi 90. Lakini hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kumsimamisha mtu ni jambo la usalama, na lazima lifanyike papo hapo bila mjadala. Kumfuta katika mashindano ni hukumu, na hukumu inaweza kungoja saa moja bila kumhatarisha mtu, maana bastola imekwisha kutolewa risasi na kurudi alani. Mwamuzi angebaki na uwezo wote wa kusema "simama", na kamati ingebaki na wajibu wa kuuliza "uliona nini, na ukiwa umesimama wapi?"

Mambo haya yanagusa viwanja vyetu hata kama hatutawahi kuona bastola ya mashindano. Kamenge tunacho Kituo cha Vijana, kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002 kwa kuwakutanisha vijana Wahutu na Watutsi wa mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, michezo ikiwa mojawapo ya njia zake. Michezo haikupatanisha watu kwa sababu mpira ni wa duara. Inapatanisha pale tu aliyeshindwa anapoamini kwamba angeweza kushinda. Nimeona mechi za mtaani zikivunjika, na mara nyingi kisa si rafu. Kisa ni refa aliye binamu wa nahodha. Wahenga walituonya tusimpelekee ngedere kesi ya nyani. Katika mji ambao watu waliwahi kuhukumiana kwa sura na kwa mtaa wanaotoka, mwamuzi anayesoma nia badala ya kitendo anarudisha kitu tulichotaka kukizika.

Hata hivyo tusiziabudu kanuni. Mashindano ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwaka 1977, na Afrika Kusini mwaka 1979. Ndani ya uwanja nyuzi zilipimwa sawasawa kwa kila aliyeingia. Nje ya uwanja, Mwafrika hakuwa na kura sawa na ya Mzungu. Kanuni nzuri inaweza kuwa kisiwa cha haki katikati ya bahari ya dhuluma, na wanaokaa kisiwani wasione maji. Kwa hiyo mhakiki asiishie kuuliza kama mwamuzi ni wa haki. Aulize pia ni nani aliyeruhusiwa kufika mbele yake.

Kazi iliyobaki ni yetu. Wakenya na Watanzania wanaocheza mchezo huu, na majirani watakaoingia, wanahitaji amri za Kiswahili zilizo fupi na zisizo na maana mbili: "Jaza, jiandae." "Uko tayari?" "Subiri kengele." "Toa risasi, onyesha." "Uwanja uko salama." Napendekeza tofauti moja tu na kitabu cha asili: baada ya swali la pili, kengele isilie mpaka mchezaji aseme kwa kinywa chake "tayari", na asiyeweza kusema ainue kichwa kwa ishara iliyokubaliwa. Ni neno moja, halichukui hata sekunde moja, na mwamuzi hatalazimika tena kukisia kilichomo ndani ya kimya cha mtu.