Pale Ubao Unapotulia

Laza vigogo viwili vya mgomba sambamba, panga juu yake mbao za mti mkavu: hiyo ni endara, ala ya Wanande wa Mutwanga, mashariki mwa Kongo, na ya ndugu zao Wakonzo ng'ambo ya milima ya Ruwenzori. Haina kibuyu wala sanduku la kukuza sauti. Wapigaji kadhaa huipiga kwa pamoja, na mlio wake huvuka mashamba.

Mimi huduwaa mbele ya vigogo vile. Ubao ukigongwa hupinda: tumbo likishuka, ncha hupanda. Lakini ziko sehemu mbili zisizosogea kabisa. Katika ubao wa sentimita 60 wenye unene sawa, ni kama sentimita 13 kutoka kila ncha. Hapo ndipo fundi anapoulaza. Sogeza kigogo hadi katikati, sauti inakufa. Ukitaka kupaona, nyunyiza unga mkavu wa muhogo, gonga taratibu. Unga utahama na kujikusanya kwenye mistari hiyo miwili. Mjerumani Ernst Chladni alichapisha majaribio ya namna hii, kwa mchanga juu ya mabamba, mwaka 1787. Fundi wetu hutafuta mistari hiyo kwa sikio.

Sauti ikiwa juu mno, huchonga tumbo la ubao upande wa chini, nayo hushuka; ikiwa chini mno, hupunguza ncha. Tezo haisamehe, kwani mti uliokwisha kuondolewa haurudishwi.

Kazi kubwa ni sauti nene. Ubao unapoisukuma hewa ya chini, juu yake huacha pengo. Hewa ikiwahi kuzunguka kingo na kuliziba, nguvu yote imepotea. Mitetemo 200 kwa sekunde huzaa wimbi la mita 1.7 hivi, kimo cha mtu mzima, na kijiti chembamba hakiwezi kulisukuma. Kwa hiyo mbao za sauti nene huwa kubwa, na bado huhitaji mkono mzito.

Tangu 2013 maji ya Ruwenzori yanaipa Mutwanga umeme, na muziki wa spika umeongezeka. Sheria ni ileile: ondoa koni ya spika kwenye boksi lake, besi inatoweka, kwa sababu hewa ya mbele na ya nyuma zimekutana.

Wewe kijana unayeunda maboksi ya spika, mtafute mzee anayechonga endara ungali na nafasi. Nenda na unga wa muhogo kiganjani, umwombe akuonyeshe pale ubao unapotulia.